Gari la Spoti la Zamani Huharibika Likiwa Limelala

Ndugu zangu wapenzi wa magari ya zamani, asanteni kwa kunialika.

Nimeombwa nizungumzie breki na mfumo wa petroli. Najua wengi wenu mngefurahi zaidi tukizungumza injini, kwa sababu injini ndiyo inayonguruma, na ndiyo tunayoifungulia boneti watu waje kuitazama. Lakini injini ikikataa, gari linakaa pembeni mwa barabara na mwenyewe anarudi nyumbani kwa miguu. Breki ikikataa, gari halisimami. Petroli ikivuja, gari linaungua. Kwa hiyo leo injini itusubiri.

Nianze na lililonipata mwenyewe. Gari langu ni dogo, la viti viwili, na lina saketi moja tu ya breki, yaani njia moja ya mafuta kwa magurudumu yote, kama yalivyo mengi yaliyotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960. Lilikuwa limekaa bandani miaka minne. Kila wiki nilikuwa nalipangusa. Kromu iling'aa, ngozi ya viti niliipaka mafuta, tairi nilizijaza upepo. Siku nilipotaka kulitoa, nikaona nifanye jambo la busara: nitoe hewa kwenye breki na nitie mafuta mapya. Nikampandisha mdogo wangu kwenye kiti cha dereva, nikamwambia akanyage mpaka chini, aachie, akanyage tena mpaka chini. Mafuta meusi yakatoka, masafi yakafuata, pedali ikawa ngumu kama jiwe. Tukaridhika.

Kesho yake, kwenye mteremko wa kwanza, nilikanyaga na breki ikashika. Kisha, mguu wangu ukiwa palepale, pedali ikaanza kuzama. Ilizama polepole, kama mtu anayekanyaga tope. Nililisimamisha gari kwa gia na breki ya mkono. Mdogo wangu alikuwa ameketi kando yangu.

Nilipoifungua masta silinda, ile silinda kuu inayosukuma mafuta ya breki pedali ikikanyagwa, ndipo nikaelewa. Katika matumizi ya kila siku pistoni haifiki mwisho wa silinda. Inatembea sehemu ya mwanzo tu, na sehemu hiyo hubaki laini. Kule mbele isikofika, mafuta yenye unyevu yanakaa mwaka baada ya mwaka, na chuma kinaota kutu yenye vipele. Mtu anapokanyaga mpaka chini ili kutoa hewa, anausukuma mpira laini wa pistoni juu ya vile vipele, na mpira unachanika. Mimi ndiye niliyeichana breki yangu, kwa kazi niliyoamini ni ya usalama. Tangu siku hiyo nikitoa hewa kwenye gari la zamani naweka kipande cha mti chini ya pedali, ili isipite mahali ilipozoea kufika.

Naomba mlishike hili, kwa sababu mengine yote nitakayosema leo yanatoka humo. Injini huchakaa kwa kilomita. Breki na mfumo wa petroli huchakaa kwa kalenda, gari litembee lisitembee. Mifumo hii miwili imejengwa kwa vimiminika na mipira, na vitu hivyo havijui kwamba gari limefunikwa turubai. Mafuta yanaendelea kunywa unyevu, mpira unaendelea kukauka, petroli inaendelea kuharibika. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nimeyaona magari ya namna hiyo, rangi ya kioo juu na mipira ya miaka thelathini chini.

Tuanze na mafuta ya breki, nami nitakaa hapa kidogo.

Mafuta yanayotumika kwenye magari mengi ni ya jamii ya glikoli, yaani yale yenye alama ya daraja DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 kwenye chupa. Sifa yake kubwa, na ndiyo kasoro yake, ni kwamba yanavuta maji kutoka hewani. Yanayapata kupitia tundu la kifuniko cha kopo la mafuta ya breki na hata kupitia kuta za mipira. Kwa kiwango kilichowekwa, DOT 4 mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi 155. Kwa DOT 3 ni 205 na 140. Sasa fikirieni mteremko mrefu wenye kona, dereva anakanyaga kila mara, na joto la diski linapita kwenye pistoni za kalipa, kile kifaa kinachoibana diski, na kuingia kwenye mafuta. Yakichemka yanatoa mvuke. Kimiminika hakibonyei, ndiyo maana nguvu ya mguu inafika kwenye gurudumu. Mvuke unabonyea. Pedali inashuka mpaka chini na gurudumu halisikii chochote. Gari likipoa, pedali inarudi kana kwamba hakuna kilichotokea, na mwenye gari hupimiwa kila kitu bila kosa kuonekana.

Maji hayohayo, gari likilala, ndiyo yanayoleta kutu niliyoikuta mimi.

Badilisha mafuta kila baada ya miaka miwili. Usiangalie umetembea kilomita ngapi. Andika tarehe kwenye kikaratasi, ukibandike karibu na kopo, na usitumie chupa iliyofunguliwa mwaka jana, maana nayo imekuwa ikinywa. Na uwe na maji na kitambaa karibu, kwa sababu glikoli inakula rangi. Tone moja kwenye bodi ukilisahau mpaka jioni, litakuachia alama usiyoitaka.

Kuna wanaopenda DOT 5, ambayo ni ya silikoni. Hailingani na 5.1 ijapokuwa majina yanafanana, na watu wameponzwa na tarakimu hiyo moja. Silikoni haili rangi wala hainyonyi maji, na kwa gari linalolala sana ina hoja nzuri. Lakini maji yakiingia hayayeyuki ndani yake, yanajikusanya mahali pa chini kabisa na kutoboa chuma hapohapo. Pedali yake pia huwa laini kidogo. Sikukatazi. Nakuomba tu usiichanganye na glikoli. Ukihamia silikoni, hama na mipira mipya na mfumo uliosafishwa mpaka ukauke.

Na kabla ya kumimina chochote, soma kitabu cha gari lako. Mwenye Citroën SM ya mwaka 1970 ana mfumo unaotumia mafuta ya madini ya kijani yaitwayo LHM. Akitia DOT 4 humo, ataharibu kila mpira ulio ndani. Na mwenye gari la DOT akipaka grisi ya kawaida kwenye pistoni za breki atapata balaa hilohilo kwa njia nyingine: mpira unavimba na breki inang'ang'ania. Kwa mipira ya breki ipo grisi yake maalumu, nyekundu.

Sasa mipira ile inayoning'inia, inayounganisha bomba la chuma na gurudumu. Hii inadanganya kuliko kitu chochote kwenye gari. Kwa nje inaweza kuonekana mizima kabisa huku kwa ndani imevimba mpaka njia imebaki nyembamba. Mguu una nguvu, kwa hiyo mafuta yanapita kwenda. Ukiachia, hakuna nguvu ya kuyarudisha, na breki inabaki imeshika. Gari linavuta upande mmoja, petroli inaisha haraka, na mtu anaanza kuhangaika na kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ilhali ugonjwa uko kwenye gurudumu.

Nikishuka baada ya safari napitisha mkono karibu na kila gurudumu, bila kuligusa. Moja likiwa la moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, nalinyanyua kwa jeki, naliweka juu ya stendi na kujaribu kulizungusha. Likikataa, nalegeza nati ya bomba la chuma pale linapoingia kwenye mpira. Gurudumu likiachia, shinikizo lilikuwa linazuiwa huko juu, na nitaitazama masta silinda. Lisipoachia, nafungua nipeli ya kutolea hewa kwenye kalipa. Likiachia hapo, mpira ndio ulioziba. Likigoma bado, pistoni ya kalipa imekwama kwa kutu. Kazi ya robo saa, nayo inaokoa fedha za kununua vitu visivyohitajika.

Mabomba ya chuma nayo hutazamwa kwa mkono kuliko kwa jicho. Pitisha kidole juu ya bomba, mahali linapokutana na klipu, pale matope yanapojificha. Ukihisi mikwaruzo na magamba, badilisha lote. Ukibadilisha, weka la shaba iliyochanganywa na nikeli, ambalo halishiki kutu.

Nirudi nyuma kidogo kwenye historia, kwa kuwa inatusaidia kujua tuna breki ya aina gani. Mwaka 1953, Jaguar C-Type yenye diski za Dunlop ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans, ikiendeshwa na Tony Rolt na Duncan Hamilton, na kwa mara ya kwanza mshindi akapita wastani wa maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Wapinzani wao wenye breki za ngoma walilazimika kuanza kupunguza mwendo mapema, kwa sababu ngoma ikipata joto inatanuka na lainingi, zile bitana zinazoisugua kwa ndani, zinateleza. Baada ya hapo diski zikaingia kwenye magari ya kununuliwa dukani: Triumph TR3 ikazipata mbele mwaka 1956, MGA ilipofika injini ya 1600 mwaka 1959, na Jaguar E-Type ya 1961 ikawa nazo kwenye magurudumu yote manne.

Hiyo E-Type naitaja kwa sababu nyingine pia. Diski zake za nyuma haziko kwenye magurudumu. Ziko ndani, kando ya difu, ile gia inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, na kuzifikia ni kazi ngumu. Basi watu wanaziahirisha. Mbele wanabadilisha pedi kila zikiisha, nyuma hawajachungulia tangu walinunue gari, na wakati huo oili ya difu inavuja polepole juu ya pedi. Kila gari lina mahali pake pa namna hiyo, pagumu kufikika, ambapo fundi baada ya fundi amepapita. Kapatafute kwenye lako.

Kuhusu lainingi na pedi sina mengi. Zikilowa oili usizioshe, tupa. Lainingi zilizogundishwa kwa gundi zikifikisha miongo kadhaa zinaweza kubanduka na kukwama ndani ya ngoma, hata kama bado ni nene. Jambo ambalo sitalipita ni vumbi. Lainingi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi, na Uingereza haikuipiga marufuku kabisa mpaka mwaka 1999. Usilipulize kwa kompresa. Usilifagie. Lowesha, futa kwa kitambaa, kitie kitambaa kwenye mfuko na ufunge. Mapafu hayana vipuri.

Tuingie kwenye petroli.

Hapa hatari yenyewe ni moto, na moto kwenye magari haya una sababu ya kimaumbile. Chukueni MGB, ambayo labda nusu yenu mmewahi kuiendesha. Kabureta zake mbili ziko upande mmoja na eksozi, juu yake kabisa. Kibakuli cha petroli cha kabureta kikifurika, petroli inashuka kuelekea kwenye chuma chenye moto. Waliolibuni walijua, wakaweka bamba la kuzuia joto na vibomba vya kupeleka ziada chini, mbali na eksozi. Nimekuta magari mengi ambayo vibomba hivyo vimetolewa na mtu aliyeviona havina kazi. Virudisheni.

Kibakuli hufurika kwa sababu mbili au tatu. Boya la shaba limetoboka tundu dogo, petroli imeingia ndani yake, nalo halielei tena. Litikise karibu na sikio utasikia. Au sindano ya kuzibia imechakaa. Au, na hii ndiyo ya kawaida, chembe ya uchafu imekaa kwenye kiti cha sindano. Chembe hiyo imetoka kwenye tangi. Tangi la chuma lililokaa nusu tupu linatoa jasho kwa ndani, linaota kutu, na kutu inasafiri. Ukisafisha kabureta bila kusafisha tangi, utaisafisha tena mwezi ujao.

Lakini tangi nalo lina kifo chake. Tangi tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke na hewa. Msilichomelee kamwe, hata kama limekaa wazi wiki nzima. Mpelekeeni mtu ambaye kazi yake ni hiyo, mwenye namna ya kuliosha na kulijaza gesi isiyowaka. Na mnapomimina petroli, msifanye juu ya shimo la gereji. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unateremka shimoni, unakaa humo, na unasubiri taa iliyovunjika.

Sasa mipira ya petroli. Mipira hii ilibuniwa kwa petroli ya wakati wake. Petroli ya leo katika nchi nyingi imechanganywa na ethanoli. Uingereza, kwa mfano, ilifanya E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10, kuwa petroli ya kawaida mwezi Septemba 2021, na serikali yenyewe ikawashauri wenye magari ya zamani waendelee na E5 ya daraja la juu, yenye hadi asilimia 5. Ethanoli inalainisha mpira wa zamani, inatoa mafuta yaliyoufanya uwe laini, kisha mpira ukikauka unapasuka. Inayeyusha baadhi ya rangi za kuzibia matangi ambazo mafundi walizipaka zamani, na utando wake unakwenda kuziba filta. Inavuta maji, na maji yakizidi yanajitenga na kukaa chini ya tangi pamoja na ethanoli yenyewe. Tena ina oksijeni ndani yake, hivyo mchanganyiko kwenye kabureta unakuwa mwepesi na injini inapata joto zaidi. Ukiwa na E10, kabureta inataka kurekebishwa iongeze petroli kidogo.

Nunua mpira ulioandikwa SAE J30 R9. Maandishi yawe kwenye mpira wenyewe, pamoja na tarehe, na uununue mahali unapoamini, kwa sababu upo wa kuigiza ulioandikwa hivyohivyo. Ubadilishe wote kwa siku moja, toka tangi hadi kabureta, hata ule mfupi ulio nyuma usioonekana. Moto unaweza kuanzia kwenye ule mfupi. Na klipu ziwe za petroli, zenye ukingo laini. Zile zenye meno ya kupitishia skrubu zinakata mpira mwembamba.

Wenye pampu ya umeme ya SU mna bahati ambayo huenda hamjaitambua, kwa kuwa pampu yenu inaongea. Washa swichi bila kuwasha injini, usikilize. Itagonga haraka, tak-tak-tak, kisha itapunguza na kunyamaza vibakuli vikijaa. Ikigonga bila kukoma, ama tangi ni tupu, ama inavuta hewa mahali fulani, ama petroli inatoka kusikotakiwa. Zima, fungua boneti, unuse. Isipogonga kabisa, mara nyingi ncha zake za umeme zimechafuka kwa kukaa. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kabureta za SU nazipenda, niseme wazi. Zilibuniwa na George Herbert Skinner, aliyetoka katika familia ya wafanyabiashara wa viatu, na za kwanza zilikuwa na mvukuto wa ngozi mahali ambapo baadaye ilikaa pistoni. Mpaka leo ni kifaa ambacho mtu mwenye subira anaweza kukielewa chote. Gari likikwama kila unapokanyaga pedali ya mafuta ghafla, kabla hujaita fundi fungua kifuniko cha juu na uangalie oili. Oili ile inaizuia pistoni isipande haraka mno. Ikikauka, hewa inaingia kwa wingi, petroli inapungua, injini inakohoa. Vijiko viwili vya oili nyepesi vinamaliza ugonjwa ambao watu wameulipia kabureta mpya.

Wenye kabureta za Weber, hesabu zenu ni za jeti, vile vitundu vya kupimia petroli, na jeti haipendi waya. Izibuliwe kwa hewa. Ukiichokonoa kwa waya umeibadilisha kipimo.

Na wachache wenye magari yanayopuliza petroli kwa mtambo badala ya kabureta: Mercedes-Benz 300 SL ya mwaka 1954 ndiyo iliyoonyesha njia. Ukizima swichi, pampu yake inaendelea kusukuma petroli mpaka injini iache kuzunguka, na petroli hiyo inaosha kuta za silinda na kushuka kwenye oili. Gari la safari fupifupi oili yake inageuka kuwa nyembamba. Chomoa kijiti cha kupimia, unuse. Ikinuka petroli, imwage siku hiyohiyo.

Kuhusu risasi, ile metali iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli na kuvilinda viti vya valvu, nitasema maneno machache. Kwa magari ya barabarani imekwisha duniani tangu Aljeria ilipoiacha mwaka 2021, na viti vya valvu vya chuma laini vitahitaji kubadilishwa na vigumu siku kichwa cha injini kitakapofunguliwa. Hiyo ni kazi ya kupanga, haina dharura.

Mkitaka kulilaza gari, lilazeni kwa adabu. Acheni breki ya mkono wazi na mweke vigingi kwenye magurudumu, la sivyo lainingi zitagandana na ngoma. Jazeni tangi petroli isiyo na ethanoli kama inapatikana, au tieni dawa ya kuihifadhi, kisha mliendeshe kidogo ili dawa ifike kwenye kabureta. Msiliwashe dakika tano na kulizima kila Jumapili. Hilo linatengeneza maji kwenye eksozi na oili, na breki hazipati chochote. Likiwashwa liendeshwe mpaka lipate joto, na breki zikanyagwe.

Siku ya kuliamsha, kabla ya kufungua geti, kanyaga breki kwa nguvu na ushikilie kwa dakika nzima, ukitazama saa. Pedali ikishuka hata kidogo, safari hakuna. Isiposhuka, tambaa na gari mahali tambarare, simama, tambaa, simama. Shuka unuse chini ya boneti injini ikiwa bado inanguruma. Kizimamoto kiwe mahali mkono wako unafika ukiwa umefunga mkanda, si ndani ya buti.

Maneno yangu yanatosha. Gari liko hapo nje juu ya stendi, magurudumu yametolewa. Nahitaji mtu mmoja wa kukaa kwenye kiti cha dereva na mwingine wa kushika chupa na kibomba cha plastiki. Tutaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kipande cha mti nimeshakiweka chini ya pedali.